Chumba Kikavu kwa Baba

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mapafu ya Baba hayatapona. Kasema Daktari Keza, asubuhi, wodini, Baba mwenyewe akisikia. Baba akaomba jambo moja: alale chumbani kwake. Keza amekubali, kwa sharti — chumba kiwe kikavu. Unyevu utammaliza. Anatoka Jumamosi.

Chumba hakina lipu. Ilidondoka na matetemeko, mwaka volkano ilipolipuka. Matofali matupu, mekundu. Donatha, dada yangu anayekaa na Baba, ameshaita fundi: chumba na sebule, vyote kabla ya Jumamosi. Sebule ya nini? Akaniinulia kidole, ningoje. Alikuwa anauliza kwa simu nani ana benchi za kuazima.

Jumanne, 15 Julai

Fundi ni Mudathiru, wa mjini, karibu na msikiti. Alifagia vumbi ukutani, akachota maji kikombe kimoja, akayarusha. Hayakufika chini.

"Unaona, mukubwa? Hii ukuta iko na kiu kama mutu wa Ramazani saa kumi na moja."

Mpango wake: kulowesha ukuta vizuri, kuupaka kole, gundi iliyozimuliwa kwa maji, kisha lipu nyembamba kabla kole haijakauka. Bila hivyo matofali yatanyonya maji yote ya lipu, na itabaki unga.

Donatha akaziba mlango, bidoni la maji nyuma yake. "Apana! Muzee iko na kifua, we unataka kumulaza ndani ya maji?"

Nikasema tumwachie fundi.

"We uko na redio yako. Mi ndo namuogesha."

Ni kweli. Nikaenda kazini. Foleni mpakani, Petite Barrière, wabebaji mizigo wanalalamika. Dakika mbili hewani.

Jumatano, 16 Julai

Lipu imepigwa kwenye ukuta mkavu, bila tone. Mudathiru alinung'unika mchana kutwa: inakauka kabla hajaisawazisha, anakwaruza badala ya kulainisha. Donatha alipitisha kiganja. "Bon! Siku moja tu na imekauka. Wewe ulikuwa unatutisha bure." Mudathiru akaosha mwiko wake.

Donatha ametandika kitanda. Shuka mpya.

Alhamisi, 17 Julai

Nyufa asubuhi, nyembamba kama nywele, ukuta mzima. Mudathiru aligonga kwa kifundo cha kidole — sauti ya debe tupu. Akagonga mara ya pili, na kipande kipana kama mlango wa kabati kikashuka chote. Juu ya mto.

Donatha alikaa sakafuni. Nilidhani fundi atasema: "Niliwaambia." Alisema: "Madame, afazali imeanguka leo."

Ndipo Donatha akatoa la moyoni. Kwenye kilio cha Mama watu waliegemea matofali ya sebuleni, wakatoka na migongo myekundu. Mpaka kanisani. Mtaa ulicheka jina la Baba mwaka mzima: kwa Habiyaremye ukienda kulia unarudi umepakwa rangi. Safari hii hataki. Hivyo sebule. Hivyo benchi.

Nikamwambia fundi abandue yote aanze upya, na maji. Donatha hakupinga.

Ijumaa, 18 Julai

Mudathiru amelowesha chumba na sebule mara tatu. Matofali yamekuwa meusi. Nyumba inanuka kisima. Kesho kole na lipu, kisha wiki nzima ya kukauka, au zaidi. Akiacha sasa hivi, siku kadhaa tu — lakini ukuta utabaki mtupu.

Chumba cha Donatha ni kikavu. Nilipokitaja wodini, Baba alinitazama kana kwamba nimelewa. Baba mzima alale kitandani kwa binti yake? Tusirudie.

Nikamweleza yote, na benchi pia. Alicheka mpaka muuguzi akaja na oksijeni.

"Munapanga kilio yangu na mi bado napumua! Na mumekosa hata lipu."

Donatha alimwomba angoje wiki moja wodini. Chumba kitakuwa kizuri, Papa.

"Wiki iko wapi? Unayo wewe? Nipe."

Donatha akatoka nje.

Nilimuuliza Keza kwenye korido, kama ninavyouliza kazini, swali moja moja. Hapa wodini? Labda afike mwezi ujao. Ndani ya unyevu ule? Hadhani ataiona Jumatano. Tungoje chumba kikauke? Inawezekana, ila anaweza kufia hapa, akingoja ukuta. Yeye angefanya nini? Alisema yeye si mtoto wake.

Niliporudi, Baba alikuwa amevaa viatu. Kitandani, chini ya blanketi, viatu. Alijenga nyumba ile kwa mikono yake, anasema. Matofali matupu hayamtishi.

Donatha anataka abaki wodini. Hasemi tena habari ya watu na migongo. Anasema tu: hata siku moja zaidi ni siku.

Mudathiru amepiga simu. Kole iko tayari. Atakuwa mlangoni saa moja asubuhi, isipokuwa nikimwambia asije. Gari la kumchukua Baba nimeliagiza saa nne. Lazima nisimamishe kimoja: fundi au gari. Bado sijapiga simu.