Pembe ya Kushoto ya Jemedari

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Sabina,

Shikamoo dada. Hamjambo huko Ufini? Baridi imeshaanza kuwauma au bado? Shemeji Nathaniel mgongo unaendeleaje? Na Queen, bado anakataa kula samaki mwenye kichwa? Sisi huku wazima, ukiondoa macho ya baba, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ningekudanganya tena.

Ndiyo, tena. Ile picha ya ng'ombe niliyokutumia Julai, nikakuambia baba ameiona na amefurahi mpaka kacheka, hakuiona dada. Jicho lililokuwa limebaki lilizima Juni.

Ngoja nikueleze vizuri. Ile saa ya kukimbilia uliyonitumia Januari, baba aliipenda kuliko mimi. Nilimwonyesha nilivyozunguka mitaa ya Pasiansi, na simu, kwa kufuata saa, ikachora njia yangu yote kwenye ramani kwa mstari mwekundu mpaka likatoka umbo la samaki. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kama naweza kumchora Jemedari.

Unamkumbuka Jemedari, yule maksai wetu wa jembe kule Misungwi, pembe ya kushoto imelala mpaka karibu na jicho. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Baba alitaka amwone tena kabla presha ya macho haijamaliza kazi yake.

Februari nikaingia barabarani. Mkia Nyakato, mdomo Kirumba, umegusa ziwa utadhani anakunywa. Kilomita ishirini na moja, dada! Baba akaitazama weee, akasema, "Ng'ombe mzuri, ila huyu si Jemedari."

Pembe zote mbili nilikuwa nimezisimamisha. Ili ile ya kushoto ilale, ingebidi nipande kilimani Kitangiri, nipite vijia vya katikati ya mawe, kwenye nyua za watu na mbwa wao. Nikaona uvivu. Nikamwambia nitairekebisha Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo kikundi chetu cha mbio kikataka twiga. Iliyofuata, moyo, kwa ajili ya harusi ya mwenzetu. Watu wakaanza kunisifia mtandaoni, kichwa kikavimba. Wanataka sangara, wanataka mamba, na mimi huyo, mbio! Kila nikirudi namkuta baba barazani na miwani yake. "Jemedari amefikia wapi?" Nami namjibu, "Jumamosi ijayo, baba." Miezi minne jamani. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Afadhali angenitukana.

Asubuhi moja ya Juni aliniita, akaniuliza kwa nini leo sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi yote.

Daktari alisema lililokwenda halirudi. Ndipo Julai nikapanda kile kilima, mjinga mimi. Kumbe kipande chote cha pembe ni dakika kumi na mbili tu. Mama mmoja alinifungulia ua wake nipite, wala hakuniuliza naenda wapi. Nilikaa juu ya jiwe nikalia kama mtoto. Halafu nikakutumia picha na ule uongo, kwa sababu saa ni yako na aibu ni yangu.

Ukitaka kunisema, niseme tu dada, nastahili. Ila Desemba uje kama ulivyoahidi. Usifanye kama mimi.

Wifi yako Dorcas anawasalimu, ameshaanza kukuwekea dagaa. Shangazi Tereza anauliza ni lini atambeba Queen, eti asipofanya haraka mtoto atamzidi urefu. Na baba anakusalimu sana. Jana nilimshika mkono, nikawa namchorea Jemedari kiganjani kwa kidole, taratibu, nikianzia mkiani kama nilivyokimbia. Katikati akakifumba kiganja, akaushika mkono wangu. "Pembe imekaa sawasawa mwanangu. Umepatia."

Nilikuwa bado tumboni, dada. Hata shingoni sikuwa nimefika.

Mungu awatunze ninyi nyote, na macho yenu ayalinde.

Mdogo wako akupendaye na kukukumbuka kila siku,
Ndalahwa