Sheria ya nchi ndogo, na alichorudia Baba Aika stoo

Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na kila maji yakivuma mferejini namsikia Baba Aika akipanda ngazi.

Hakuna anayepanda. Alifariki masika yaliyopita, kwenye stoo iliyo chini ya duka lake la vitenge, jirani na ofisi yetu hapa Kariakoo, maji yalipoingia kwa ghafla.

Leo wakili ninayemchapia kazi aliwaita wafanyabiashara wa mtaa wetu watoe maoni juu ya rasimu ya sheria ya tabianchi. Mimi nilikuwa naandika. Mzee mmoja wa Kihindi, muuza vyombo, akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: "Moshi tunaotoa sisi ni kiasi gani? Tukijibana, hao wakubwa wa dunia watashtuka?"

"Hawatashtuka, mzee," wakili akamjibu. "Lakini tukienda kwenye vikao vya dunia kuwataka wapunguze, watatuuliza sisi tumeandika nini kwetu. Nchi ndogo yenye sheria yake ina mdomo wa kusema. Na nchi nyingine ndogo zikituiga, tunakuwa wengi."

Ndipo akasimama Mama Aika, mke wa marehemu.

"Mume wangu alishatoka salama. Akarudi chini mara ya pili. Mpaka leo sijui alifuata nini."

Mimi najua.

Alifuata begi langu la vyeti vya shule. Alikuwa ananitunzia, maana chumba changu cha Buguruni kinavuja. Siku ile nilimpigia simu: "Baba Aika, begi langu!" Akasema, "Usijali mwanangu, nalifuata."

Mwaka mzima nimejiambia ni mvua, ni mifereji iliyoziba, ni viwanda vya mbali nisivyovijua. Yote kweli. Na simu yangu pia ni kweli.

Kikao kilipoisha nilimkuta Mama Aika mlangoni akisubiri mvua ipungue. Nikamwambia yote.

Hakulia.

"Kwa nini hukusema msibani?"

Mvua ilianza kupungua; akajitanda khanga kichwani.

"Jumapili njoo nyumbani. Watoto nao wasikie kwako."

Maoni yake nimeshayachapa. Chini yake nimeongeza maelezo yangu kuhusu ile simu, na jina langu kamili.

Jumapili nitaenda. Aika akinifungulia mlango, nitaanza na neno gani?