Mizani ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha kamati, saa mbili na nusu bila mapumziko. Watu saba, paa moja! Makumbusho yetu yana vyumba viwili na mvua inaingia katika vyote viwili. Jambo hilo halihitaji hotuba. Goti la kushoto linauma. Ngazi za pale zilijengwa na mtu asiyekusudia kuzeeka.

Nimewasomea kanuni za mnada wa kuchangia paa, tisa, nilizoziandika mwenyewe. Mwaka jana kuna aliyenunua saa ya ukutani, akairudisha baada ya siku mbili eti inachelewa. Ugomvi wa miezi mitatu. Ndiyo maana Kanuni ya Nne inasema: *Kitu kikishauzwa ni mali ya mnunuzi. Hakirudishwi wala hakidaiwi.* Fupi. Haina upenyo.

Kinyozi ndiye dalali wetu. Wanamwita Kasuku, na si kwa ajili ya rangi. Akauliza: "Mwalimu, na kitangulizi je?" Kitangulizi ni kitu cha kwanza mnadani. Kwa mazoea yetu mtu hukinunua, hulipa, kisha hukirudisha mezani kiuzwe tena. Kikishapita mikono mitano au sita, humrudia aliyekitoa. Mchezo wa kuchangamsha ukumbi. Nilimjibu kwamba kila mtu anaujua, na kanuni si mahali pa michezo. Akasema wageni hawaujui. Nikamwambia kazi ya dalali ni kuuza, si kutunga sheria.

Wakacheka. Tukaendelea na habari ya viti.

Alhamisi, 6 Juni

Kitangulizi kilikuwa kiwe tarumbeta la dereva mstaafu, lakini dereva amesafiri na ufunguo wa nyumba. Mwenyekiti akaja kumwomba Dada mizani yake.

Mizani ile! Ya chuma, sinia pana, mshale mwekundu. Dada alikuwa mkunga miaka arobaini na miwili, na nusu ya mji huu ulilalia sinia lile ukipiga kelele. Sasa ana miaka themanini na mmoja, macho yamefifia, lakini akina mama bado wanamletea vichanga. Hospitali wanapima, naye anapima tena. Husoma mshale kwa kidole. "Kule wanapima kilo," husema, "hapa tunapima mtoto." Siku akija kichanga, Dada huamka mapema, huvaa kilemba safi, na hanigombezi mpaka jioni.

Alinigeukia mimi, si Mwenyekiti. "Mdogo wangu, itazunguka na kurudi?"

Nikasema itarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianze kwa mpangilio.

Saa nne nilibandika kanuni mlangoni. Saa tano ukumbi umejaa. Kasuku akanyakua maikrofoni: "Haya, waheshimiwa! Mizani iliyowaumbua wote! Wewe mzee pale mbele, usikunje uso, hapa ulilia uchi!" Dada alikuwa nyumbani, vipaza sauti vinamchosha. Nami pia, lakini mimi ni katibu.

Daktari wa meno akainunua, akairudisha. Makofi. Mwenyekiti akainunua, akairudisha. Makofi. Kisha akainunua mwanamke mwenye duka jipya la vitunguu karibu na karakana. Ana miezi minne tu hapa mjini, watu wanamwita Mama Vitunguu. Akaja mezani kwangu, akalipa. Nikamwandikia risiti, nikapiga muhuri. Mazoea ya mkono. Akaifunga mizani kwa shuka, akaikumbatia kama mtoto, akaenda zake.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha, atageuka mlangoni. Hakugeuka.

Kasuku akazima maikrofoni na kunitazama. Kasuku, kuzima maikrofoni! Nilikuwa bado nimeshika muhuri, wino haujakauka.

Jumapili, 9 Juni

Dada ameuliza mizani iko wapi. Nimesema imebaki makumbusho, inafutwa vumbi.

Miaka sabini na minne. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda dukani. Foleni! Mizani imewekwa juu ya kaunta, sinia limejaa vitunguu. Nilisubiri zamu yangu kama wengine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya kitangulizi. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akifunga mfuko wa mteja.

"Karatasi yenu niliisoma mara mbili," akasema. "Mimi nikiwa mgeni mahali, nasoma kila kilichobandikwa. Kwani nimeiba?"

"Hukuiba."

"Nimekosea kanuni?"

"Hukukosea."

"Basi nisaidie hapo, Mwalimu, maana unaniambia niirudishe na unaniambia ni yangu."

Akainama, akasema taratibu ili foleni isisikie: tangu afike, watu walikuwa wanamwambia mizani yake inakula. Kila kilo ni ubishi. Wengine walikuwa wanapima upya kwa jirani, kisha wanarudi kumtukana mbele ya wanawe. "Hii imewapima wao wenyewe. Nani atabishana nayo? Tangu Jumamosi hajanibishia mtu."

Nikasema nitamnunulia mpya, nzuri zaidi. "Mpya ninayo," akasema. "Ndiyo ile wanayoitukana."

Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Mwalimu, nunua au pisha! Somo limekwisha!" Nikanunua nusu kilo. Vilikuwa nusu kilo kamili.

Sijamwambia Dada. Alishika mfuko, akasema vitunguu vizuri.

Jumanne, 11 Juni

Mwenyekiti amekuja asubuhi. Yeye ni mjenzi. Huamini kila kitu hunyooka kikigongwa. Amepata dawa, anasema. Kitabu cha mihtasari kiko kwangu. Chini ya muhtasari wa tarehe tatu kuna nafasi ya mistari miwili. Niongeze mmoja: kwamba kikao kiliazimia kitangulizi kirudi kwa mwenyewe. Basi! Mauzo yanabatilika, mama anarudishiwa chake, mizani inarudi nyumbani.

"Hilo halikuazimiwa," nikasema.

"Lilitajwa."

"Lilitajwa nikalizima."

"Mwalimu wangu, usinichoshe. Mji mzima unajua mchezo ule. Huo si uongo, ni ukweli uliochelewa kuandikwa."

Nikamuuliza: na yule mama ataonekanaje? Ameletewa kitabu cha kamati kinachosema kilichoazimiwa ni kingine. Watu watasema alijua, akajitia hamnazo. Ndiyo kwanza wameacha kumwita mwizi. Mwenyekiti akakuna kidevu. "Wewe ndiye mwenye dada," akasema. Akaondoka bila kunywa chai.

Nimejaza mihtasari ya watu miaka thelathini, ya shule, ya chama, ya makumbusho. Sijapata kuongeza mstari baada ya siku yenyewe. Mchana nimekifungua kitabu mara nne. Nafasi ipo kweli. Mistari miwili, si mmoja.

Nimechoka na watu wanaosema mimi ni mgumu. Ugumu ningeuweza. Kinachonishinda ni kwamba wa kulaumiwa katika jambo hili nimemtafuta kila mahali, na kila nikifungua mlango namkuta ameketi kwenye kiti changu.

Jumatano, 12 Juni

Saa tatu asubuhi. Mke wa fundi cherehani amejifungua. Ujumbe umefika kwamba kesho saa kumi ataleta kichanga kwa Dada. Wa kiume, siku tano. Dada amefurahi mpaka aibu. Ameagiza kilemba kipigwe pasi, ameng'arisha kijimeza anapowekea mizani. Kijimeza kitupu kimekaa sebuleni tangu alfajiri.

"Hilo vumbi la makumbusho," akasema, "wanalifuta kwa ulimi?"

Nikasema nitafuatilia.

"Umekuwa mpole sana wiki hii, Bwana Kanuni. Unaumwa?"

Nikasema goti.

Mji mzima unajua, na mji mzima unamnyamazia kwa heshima. Jana jirani alimsalimu dirishani kwa sauti ya msibani. Dada hawezi kuwa hajasikia chochote. Au ameshasikia na ananisubiri? Nilimfahamu akiwa na macho mazima, na hata wakati ule sikuweza kumsoma.

Saa nne. Kitabu cha mihtasari kiko mezani, wazi. Nimejaribu mstari ule kwenye karatasi chakavu: *Kikao kiliazimia kwamba kitangulizi kirudi kwa mwenyewe.* Umekaa sawa. Maneno saba, hayana kasoro hata moja. Nimeichana karatasi. Kisha nimeokota vipande, nikavitia mfukoni.

Saa nne na nusu. Dada amesimama mlangoni kwangu. Vile vitunguu vya juzi vimekwisha, anasema; na mwenye duka yule, anavyosikia, anapima kwa haki, jambo la nadra siku hizi. Anataka kwenda mwenyewe, akamshike mkono. Nimsindikize.

Nikamwambia nitakwenda peke yangu. "Nimezeeka, sijafungwa," akasema. Ameketi kwenye kibaraza, anavaa viatu.

Kutoka hapa hadi dukani ni dakika kumi na mbili kwa mwendo wake, pamoja na kusimama kwenye kona apumue. Dakika kumi na mbili. Naweza kusema kabla ya kona, au baada ya kona. Kitabuni sijaandika kitu.

Kiatu cha kwanza tayari. Cha pili kamba zinamtoroka vidoleni, namsikia anazitukana. Hataniita, hajapata kuniita kwa jambo la viatu. Niende nimwinamie, nimfunge, na nikiwa pale chini, kabla sijainuka, nimwambie mizani iko wapi.