Mbeyu Kashuka Meli

Jumapili, 10 Novemba 1996

Siku ya sabini ya eda. Zimebaki sitini. Faraj mume wangu, Mungu akurehemu, wewe umelala zako makaburini nami nimekaa chumbani na nguo nyeupe kama kuku wa kizungu.

Mama Muhdhar wa nyumba ya pili amekuja asubuhi kunichunga. Kanusa chumba kizima asije akakuta nimejifukiza udi. Ati hata sabuni ya kunukia haifai, sembuse kuchungulia dirishani. Nikamwambia kwa umri huu nikichungulia nitamtamani nani, muuza viazi? Hakucheka. Peponi ataingia peke yake huyo.

Naandika kwa sababu siku haziishi. Skuli sikuingia hata siku moja. Herufi hizi nilifunzwa na mjukuu wangu Mbeyu, yeye yuko darasa la tatu, mimi ungo mapajani, nachagua mchele huku nasoma a-e-i-o-u. Sasa ni mwaka wa sita Mbeyu yuko ng'ambo, analea watoto wa tajiri mzungu. Alichukuliwa ana miaka kumi na saba, hata kipande cha kitambulisho hajapata. Barua ya mwisho ilikuja mwaka juzi. Tangu hapo, kimya. Kuna siku namwombea kama mtu aliye hai na kuna siku — basi. Sitaki kuliandika hilo.

Jumatatu, 11 Novemba

Wacha niandike pole pole.

Saa nne asubuhi walipita wazungu wa meli, ile kubwa iliyofunga Kilindini jana. Kundi zima na kofia zao, na mtu wa kuwaongoza akiwaeleza habari za milango yetu, nusu uongo. Mimi nyuma ya dirisha, nachungulia. Nyuma kabisa ya msafara msichana mweusi, mwembamba, mtoto wa kizungu mgongoni, mkoba bega hili, chupa za maji bega lile. Nikasema moyoni, maskini, punda wa watu.

Akasimama chini ya nyumba yangu. Akamfungua mtoto mgongoni, akampa mamake. Akaweka mkoba barazani. Chupa akazipanga, moja moja. Kisha akaingia mlangoni kwangu kama mtu anayeingia kwao.

Nikasikia ngazi. Nikasikia, "Hodi, nyanya."

Mbeyu! Mbeyu wangu!

Mifupa mitupu. Nilimshika uso, nikamshika mabega, nikamnusa kichwa. Akaangalia nguo zangu nyeupe, akaangalia kitanda, akauliza babu yuko wapi. Sikuwa na haja ya kumjibu.

Kule chini yule mama mzungu anaita. Nadhani alifikiri yaya ameingia kuomba maji. Akaita tena, jina analitamka vibaya. Yule wa kuwaongoza akagonga mlango. Nikashuka na miguu yangu hii mibovu, nikatia komeo, nikakaa kwenye ngazi bila kupumua mpaka wakaondoka.

Ndipo akanionyesha mkono, karibu na kiwiko. Alama ya pasi ya nguo, ncha yake kamili, imechorwa kwenye ngozi. Nikamwuliza ni nini.

"Shati lilipata doa, nyanya."

Ningempata huyo mwanamke hapa — hapana, wacha.

Miaka sita hajapata siku moja ya kutoka peke yake. Paspoti anayo tajiri, ndiye aliyeitengenezesha. Meli inamalizia safari Durban, na kutoka hapo angerudishwa kwenye nyumba ile ile. Lakini mlangoni mwa chumba chao melini palibandikwa karatasi yenye majina ya bandari. Akasoma Mombasa. Siku kumi na moja hakumwambia mtu neno, anawaogesha watoto na kuhesabu.

Nimempa uji, nimempa samaki. Amelala upande wa babuye. Kila mtu akipita njiani anashtuka usingizini, nami nashtuka naye.

Jumanne, 12 Novemba

Wamekuja.

Watu wawili. Bwana Mutunga wa ofisi ya uhamiaji, mtu wa bara, sauti ya upole, na mwengine wa meli, kofia nyeupe. Mama Muhdhar aliwazuia ngazini kama simba. Hapa pana mjane yuko eda, haingii mwanamume! Mara ya kwanza nikampenda mwanamke yule. Wakaishia ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati. Mbeyu uvunguni mwa kitanda.

Bwana Mutunga akanipa pole ya msiba, kwa adabu kabisa. Kisha akasema kuna msichana ameshuka melini hakurudi, ameonekana akiingia nyumba hii. Kwenye karatasi za meli jina lake Mbeyu Kahindi. Je, ni mtu wangu?

Nikisema ndiyo, neno linalofuata ni mtoe. Nikasema, "Sina mjukuu mwenye jina hilo. Kuna mmoja aliomba maji, akatokea mlango wa nyuma."

Akaandika. Akanisomea. Akapitisha karatasi na kalamu chini ya pazia. Hapo nikajitia ujanja. Nikasema mimi sikusoma, kalamu siijui. Nilifikiri jina ndilo linalomfunga mtu, dole ni wino tu. Akapitisha kidau cha wino, nikatia dole.

Walipoondoka tulicheka, mimi na Mbeyu, viganja midomoni, mpaka machozi yakatutoka. Mama Muhdhar akaingia akatukuta. Akamwangalia Mbeyu. Akaniangalia mimi.

"Bi Sidi, umemkana damu yako, na uko eda?"

Nikamwambia afunge mlango, upepo unaingia. Lakini kicheko kilikwisha. Mbeyu amekaa pembeni, hataki chakula.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeamka alfajiri, kitanda kitupu. Nikadhani yuko msalani. Hayuko. Buibui langu halipo. Juu ya mto, karatasi. Kaandika herufi kubwa kubwa, anaijua shida ya macho yangu: NYANYA, MIMI SI MWIZI WA KUKAA UVUNGUNI. NAKWENDA KUWAAMBIA MIMI NI WA HAPA.

Mjinga! Shujaa wangu mjinga!

Karibu na adhuhuri Bwana Mutunga alirudi, peke yake. Pazia tena. Hakupaza sauti — heri angepaza. Kasema Mbeyu yuko ofisini kwao tangu saa mbili. Paspoti hana, tajiri anasema imepotea. Kipande hana. Cheti cha kuzaliwa hana. Anasema alizaliwa Bondeni, chumba cha kupanga, mamake akafa arubaini haijaisha, akalelewa na nyanya yake Bi Sidi hapa Kibokoni. Na yeye Bwana Mutunga ana karatasi ya Bi Sidi huyo huyo, ina dole, inasema hamjui.

"Sasa mimi nimwamini nani, mama?"

Meli inang'oa nanga kesho saa nane mchana. Mtu asiyejulikana kwao hurudishwa kwenye meli iliyomleta, na huko tajiri wake ndiye mwenye kumjibia. Nikamwambia basi aandike sasa hivi, nabadilisha maneno. Akasema sauti ya nyuma ya pazia imeshasema mara moja. Anataka mtu mwenye uso, wa damu yake au aliyeshuhudia akizaliwa, ofisini kwake, kabla ya saa sita kesho.

Nani mwengine? Binti yangu yuko kaburini. Kahindi babake Mbeyu alikwenda zake hata rangi ya mtoto haijui. Mkunga hakuwako, nilimpokea mimi kwa mikono hii.

Mama Muhdhar anasema wako wanaosema mwenye eda akiwa na haja kubwa anaweza kutoka mchana. Lakini kukaa mbele ya wanaume wageni, wasio maharimu, uso wazi, na kuapa? Tena, kasema, uliidanganya serikali, watakufunga, eda utaimalizia jela. Akachukua ungo akanichagulia mchele wote, nami sikuwa nimemwomba.

Simwogopi mtu. Uongo huo, naogopa! Naogopa jela. Namwogopa Faraj, asije akasema nilikaa nawe miaka arubaini na mbili, wewe hukuweza kunikalia hata miezi mitatu. Lakini zaidi ya yote naogopa saa nane ya kesho.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimetoka.

Mama Muhdhar alinivisha buibui lake mwenyewe, akanitangulia kwenye ngazi, akanishika mkono mpaka barabara kuu. Jua limenichoma macho kama mtoto mchanga.

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha Bwana Mutunga. Naandika ili mikono itulie. Ameniona na kalamu. Kizee asiyejua kusoma! Akatikisa kichwa tu.

Nilikwisha kuingia kwake. Nikafunua uso. Nikasema yote. Kwamba Mbeyu alizaliwa asubuhi ya mvua, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, nikakitoa kwa kidole hiki. Kwamba alikunywa maziwa ya mbuzi wa jirani kwa sababu mamake hakuwa nayo. Kwamba Jumanne nilisema uongo, na sababu ni woga.

Aliweka kalamu chini.

"Mama, nikiandika hili, lile la Jumanne ni uongo kwa serikali. Siwezi kulichana, meli wana nakala. Utashtakiwa. Nisipoandika, msichana anarudi melini. Nimwandike Bi Sidi yupi?"

Nikamwambia, "Wa Jumanne alikuwa mwoga. Wa leo ni nyanya yake. Andika."

Ameandika. Lakini haitoshi. Aliyekana juzi hawezi kuaminiwa peke yake leo. Ni lazima Mbeyu aulizwe mbali nami, maneno yetu yapatane. Wamempitisha hapa mbele yangu. Akasimama. Akauliza, nyanya, umetoka eda? Bwana Mutunga akamweleza pale pale mlangoni nimesema nini, na mashtaka yanayoningoja. Najua ni haki yake kuambiwa. Lakini niliuona uso wa mtoto ukibadilika. Akaingia. Kofia nyeupe yuko humo ndani.

Saa sita na robo. Ukuta huu wa mbao, nasikia. Kaulizwa jina, kasema. Kaulizwa alikozaliwa, kasema.

Kaulizwa yule bibi aliye nje ni nani wako.

Kimya.

Namjua huyu, nimemlea mimi. Hataki nifungwe. Atarudi kwa yule mwanamke na pasi yake ya moto, atasema hanijui ili lile la Jumanne liwe kweli, na ataona amenitendea wema. Hivyo hivyo nilivyomtendea mimi.

Mtoto mpumbavu, jela ya hapa Mama Muhdhar ataniletea uji. Wewe huko nani atakuletea?

Nimegonga ukuta kwa ngumi. Karani amenikanya, ati nitulie au nitatolewa. Nimegonga tena. Humo ndani Bwana Mutunga amerudia swali, polepole, neno kwa neno.

Bado hajajibu.