Madoa Aliufuata Mluzi

Kalangalala, Geita

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenielemea. Mguu wako unaendeleaje? Na mvua imewagusa huko, au bado mnatazama mawingu tu?

Mdogo wangu Masanja alifika salama na Madoa, dume wetu wa kulimia. Masanja miguu imemvimba kwa kutembea, lakini mdomo haujachoka hata kidogo.

Bucha inakwenda, ingawa wateja wangu ni wachaguzi. Mama Veronika, mke wa katekista, hanunui mpaka aulize ng'ombe katoka kwa nani na kama alichapwa njiani. Ng'ombe wa kupigwa nyama yake huwa na damu iliyovilia, naye anasema chakula cha mateso hawezi kukiombea. Wanasema kizuri chajiuza, lakini mimi hukitembeza kwa mdomo: ng'ombe wangu hawajui fimbo, natangulia kwa mluzi kama ulivyonifundisha, nao wananifuata wenyewe hadi machinjioni.

Masanja akanipa maneno yako: “Baba amesema majani yamekwisha, na Madoa hawezi tena kuvuta plau. Umchinje wewe, maana kwako hatapigwa.”

Nilitamani kukataa, baba. Nilimpumzisha siku mbili, nikamlisha kwa mkono wangu. Siku ya tatu Mzee Ramadhani, mchinjaji wetu, alificha kisu kama ilivyo desturi yake, lakini Madoa alinusa damu akagoma mlangoni. Nikapiga mluzi ule wa kumgeuza tukifika mwisho wa shamba. Akageuka, akanigusa bega kwa pua, akaingia. Alidhani tunakwenda kulima. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Mama Veronika alipouliza, nikamwambia huyu hakuonja fimbo hata mara moja. Akafurahi, akasema hiyo ndiyo nyama ya kulisha watoto. Sikumwambia kwamba nilimdanganya Madoa.

Nisalimie mayu, mama yangu, na shangazi anayemsaidia kuchota maji. Mke wangu Nyamizi mwambie Masanja anarudi na kengele ya Madoa, aipokee aitundike zizini.

Jumatatu wanaletwa ng'ombe wawili kutoka Runzewe, na watu wanaitegemea ahadi yangu. Nimejaribu tangu asubuhi, baba. Nakunja midomo, mluzi hautoki.

Ni mimi mwanao, uliyenifundisha kuupiga,
Makoye