Bunduki Niliyompa Mama Yako

Mwanangu Akello, salamu kutoka Bwera.

Tangu utoto wako nimekuficha jinsi mama yako alivyopigwa risasi mguuni. Jana nilipita Kasese, kwenye uwanja wa shabaha ambako sisi wanajeshi tuliwaleta wake zetu kulenga makopo kwa burudani. Mvua ilikuwa inashuka milimani. Nilibaki garini, miguu haina nguvu tena.

Mama yako hakutaka. Nilimbembeleza wiki nzima, nikamfundisha kanuni ya kwanza: usipokee bunduki kabla hujaonyeshwa kuwa haina risasi. Siku ile akaikumbuka mbele ya wenzangu.

"Baba Akello, fungua kwanza nione."

Wakacheka. "Afande, leo madamu anakukagua!"

Niliona haya. "Shika tu, mama. Iko tupu."

Aliipokea kwa woga, mtutu ukielekea mguuni, ikalia.

Niliwaambia wote, hata wewe, kwamba aliijaza risasi mwenyewe kwa ubishi. Alichechemea hadi kaburini bila kunisuta.

Nibusie wajukuu mmoja mmoja, maana sijui kama nitawaona. Wakiuliza habari za bibi yao, waambie alifanya kama alivyofundishwa. Mimi bunduki ile sikuwa nimeifungua kuangalia.

Baba yako