Barua Niliyoichapa kwa Jina la Mzee Masanja

Bariadi, Jumamosi, Julai. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi, na moyo mzito.

Leo nimelipia intaneti saa nzima. Kwa kawaida nalipia nusu saa, nasoma barua pepe za dada yangu aliyeko Mwanza, naandika mistari michache hapa, kisha naondoka. Leo nina jambo lisiloenea katika nusu saa. Sijui kama kuna mtu anayesoma ukurasa huu, na nadhani leo ningependa asiwepo.

Nimechapa uongo.

Niliuchapa kwa vidole vyangu hivi, kwenye kompyuta ya ofisi, nikarudia kusahihisha herufi zilizokosewa ili usomeke vizuri.

Nianze mwanzo. Mimi ni karani katika kampuni moja ya kununua pamba hapa mjini. Kampuni za namna hii ni nyingi sasa. Baba yangu alilima pamba enzi zile mnunuzi akiwa mmoja tu, chama cha ushirika, na mkulima akisubiri malipo hadi anakaribia kusahau alichouza. Siku hizi soko ni huria. Anayefika kijijini kwanza na pesa taslimu ndiye anayeondoka na mzigo. Baba anasema afadhali ya sasa, nami sibishani naye, kwa sababu jembe alilishika yeye. Ila nimekaa ofisini misimu mitatu na nimeona kwamba mbio hizi za kampuni anayezikimbia hasa ni dereva.

Dereva wetu wa Fuso ni Mzee Masanja. Ana umri wa baba yangu, ni mtu wa Mwamapalala, na ameendesha malori tangu yale ya ushirika. Hanywi pombe. Kila asubuhi anasimama kwenye dirisha langu, ananiamkia "Mwangaluka, mayu," ananiita mama kama wazee wetu wanavyowaita mabinti, anauliza hali ya nyumbani, kisha anaomba daftari la gari. Ndani ya daftari hilo dereva huandika kasoro za gari kabla hajatoka. Ninalitunza mimi, kabatini. Mwezi uliopita, siku nne mfululizo, aliandika jambo lile lile kwa herufi zake kubwa: breki hazishiki vizuri, fundi aangalie.

Siku ya tano Meneja alipata habari kwamba kampuni nyingine iko njiani kwenda kwenye kituo tunachonunulia huko Mwamapalala. Masanja akaomba gari lipitie gereji kwanza. Meneja akamjibu kuwa breki zinaweza kusubiri lakini pamba haisubiri. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilisikia kila neno.

Wakati wa kurudi na mzigo, kwenye mteremko wa korongo, breki zikagoma. Chini korongoni kulikuwa na akina mama wanaochota maji kwenye vishimo vya mchanga. Masanja akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo, kwa makusudi, ili lisiwafikie. Hakuumia mtu isipokuwa yeye mwenyewe, aliyepoteza meno mawili. Uso wote wa gari ulibonyea na nusu ya pamba ikamwagika.

Sasa nafika mahali ambapo mtu wa mbali anaweza asinielewe.

Kwetu, mtu akiingia matatani na mkubwa wake hangoji iamuliwe nani mwenye kosa. Anamchukua kaka yake au mjomba wake, anamshika mbuzi, anakwenda kuomba radhi, maana mkono mtupu haulambwi. Atasema amekosa hata kama hakukosa. Hatafuti hukumu, anatafuta watu wakae tena pamoja. Na anayepokea naye ana wajibu wake. Akishampokea mbuzi, neno limekwisha, halifukuliwi. Nimeona baba akifanya hivyo kwa jirani yetu juu ya ng'ombe ambaye hata hakuwa wetu, na nilipokuwa mdogo niliona ni uoga. Sikuona kwamba jirani yule aliendelea kutuazima jembe lake la kukokotwa mpaka leo.

Siku ya tatu baada ya ajali, Masanja alikuja na kaka yake mkubwa, mdomo bado umevimba, kamba ya mbuzi mkononi.

Meneja si mtu wa huku, na simlaumu kwa hilo, hakuna anayechagua pa kuzaliwa. Lakini amekaa nasi miaka sita. Amekula kwenye misiba yetu na harusi zetu. Alijua maana ya mbuzi yule. Aliwapokea wazee wale kwa mikono miwili, akacheka nao, akawaambia mambo yamekwisha. Walipokwenda uani kumkabidhi mlinzi yule mnyama, akaniita.

"Minza, umesikia mwenyewe, amekiri. Hebu tuiweke kwenye maandishi."

Nikaandika kwamba Masanja anakiri mbele ya kaka yake kuwa ajali ilitokana na uzembe wake, na kwamba anaridhia gharama zote za matengenezo zikatwe kwenye mshahara wake hadi ziishe. Uzembe hakuutaja. Habari ya kukatwa haikutajwa na mtu yeyote pale. Meneja alinitajia anachotaka na mimi nikayapanga maneno yakakaa sawasawa, kwani Kiswahili changu cha maandishi ndicho kilichonipa kazi hii. Hata nilijisikia hodari. Hilo nalo naliungama hapa.

Waliporudi ndani, Meneja akawaambia ile ni karatasi ya kuonyesha kwamba radhi imepokelewa. Masanja anajua kusoma, ila hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi.

"Iko sawa, mayu?"

Nikasema iko sawa.

Akatia sahihi. Kaka yake akaweka dole gumba. Mbuzi alichinjwa siku ile ile, tukala nyama choma uani wafanyakazi wote, na mimi nilikula.

Jana tulipokea mishahara. Masanja aliifungua bahasha yake mbele ya dirisha langu, akaangalia ndani, akaangalia tena. Kilichobaki kingemtosha sembe na mafuta ya taa, labda na sabuni. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Nilingoja anitukane. Akasema, "Haya, asante, mayu," akaenda zake. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Leo asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nilikitafuta kijitabu cha sheria mpya ya kazi tulichogawiwa kwenye semina mwaka jana. Nilikuwa nimekifanya kizuizi cha dirisha lisipigwe na upepo. Nikakifuta vumbi, nikasoma nikiwa nimesimama. Kumbe mwajiri hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi kwa sababu ya gari lililoharibika, labda kama uharibifu umetokea kazini na ni kosa la mfanyakazi huyo. Hata likiwa kosa lake, ni lazima aelezwe kwa maandishi chanzo cha hasara, ni kiasi gani, na hesabu imefikiwaje. Ni lazima apewe nafasi ya kupinga. Na akishakatwa, makato yasizidi robo ya mshahara wake. Masanja hakuelezwa chochote, hakupewa nafasi ya kusema chochote, na robo ndiyo aliyoachiwa, kama inafika.

Na chanzo cha ajali kilikuwa kabatini kwangu, kurasa nne, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nasema kilikuwa, kwa sababu Jumatatu iliyopita Meneja alinishauri kwa upole daftari lile lipate mahali pengine pa kukaa. Nilimwelewa. Sikulichoma, na kabatini sikulirudisha. Limekaa kwenye mkoba wangu wiki nzima chini ya khanga, na kila nikipita karibu na ofisi yake mkoba unakuwa mzito.

Basi nikaenda nyumbani kwa Masanja. Amepanga vyumba viwili nyuma ya soko na mkewe, Mama Kabula. Nilimkuta mama akipepeta choroko, mzee amekaa kwenye kigoda. Walinikaribisha kama mgeni wa heri, jambo lililoniumiza. Nikakataa uji. Nikaliweka daftari chini, nikaweka na kijitabu, nikawaeleza yote, pamoja na ile barua na nani aliyeyapanga maneno yake. Nilisema haraka haraka nisije nikaishia njiani.

Masanja akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mayu, mimi nilishaomba radhi. Mbuzi ameshaliwa. Nikienda kushtaki leo, si itakuwa niliomba radhi ya uongo?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, Mungu anisamehe, mzee asiye na meno mawili aliyeokoa watu korongoni. Nilitaka kumwambia aache ujinga. Lakini hivyo ndivyo nilivyolelewa hata mimi, na kama ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Alikuwa ameshika ahadi ambayo mwenzake ameshaitupa, na alikuwa tayari kufa njaa nayo.

Aliyejibu ni Mama Kabula. Aliweka ungo chini.

"Mbuzi yule alikuwa wangu," alimwambia mumewe. "Nilimnunua kwa choroko zangu. Uliniambia unampeleka mambo yaishe, nikakupa. Yameisha?"

Mzee aliokota choroko moja sakafuni, akairudisha kwenye ungo.

"Amekula mbuzi, na mshahara amekula. Basi radhi hakuipokea huyo, alipokea nyama. Huna deni naye tena, hata la adabu. Nenda."

Hakupaza sauti hata kidogo. Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta. Masanja alilivuta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa kwanza wa zile nne, akapitisha kidole juu ya maandishi yake. Kisha akaniuliza basi la Shinyanga linaondoka saa ngapi, kwa kuwa ofisi ya kazi iko huko.

Linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tutakwenda Jumatatu, sisi watatu.

Tangu nitoke pale nimekuwa nikifikiria mambo madogo madogo ya aibu. Nani atashika nafasi yangu. Kama nitalipwa mwezi ujao. Mdogo wangu yuko kidato cha pili na ada yake inatoka kwenye mshahara huu huu, na mama hajui lolote. Kitumbua changu kitaingia mchanga, hilo sina haja ya kuambiwa. Meneja hatanifukuza kwa kelele, si tabia yake. Atanichapishia barua nzuri, au atatafuta karani mwingine aichape. Huyo karani naye atarudia kusahihisha herufi.

Nilifikiri pia kumkabidhi Masanja daftari tu, nibaki nyumbani. Daftari linajieleza. Watu wa ofisi ya kazi wangeliona wangejua kila kitu kuhusu breki. Nilikwisha kulipanga hilo kichwani, nikatafuta na maneno ya kumwambia yeye na mkewe, nilipokuwa nainuka kuaga.

Masanja akanisindikiza mpaka barabarani, kama desturi. Tulipofika akasimama. Aliniuliza bila hasira, alitaka tu kujua kabla hajatoa nauli.

"Wakituuliza nani aliyeiandika ile karatasi, utasemaje?"

Nikamwambia nitasema ni mimi. Hakusikia, kwa sababu sauti haikutoka. Ikabidi niseme tena.

Kesho ni Jumapili, nitakwenda kanisani, nitakaa karibu na mama na sitamwambia. Keshokutwa nitaulizwa swali lile na mtu nisiyemjua, Masanja akiwa amekaa pembeni yangu ananitazama. Namwomba Mungu kitu kimoja tu, sauti itoke mara ya kwanza.